Historia ya Maikrowevu Ndani ya Hitilafu Zake

Sehemu kuu ya oveni ya maikrowevu ni magnetroni, taa ya ombwe iliyobuniwa kwa kazi za redio na kukuzwa na rada za Vita Vikuu vya Pili. Transfoma, kapasita, dayodi, feni, fyuzi na swichi za mlango ziliifuata baadaye ndani ya sanduku la bati la oveni, nyingine ili kuishusha bei, nyingine kwa sababu sheria ililazimisha. Hitilafu za chombo hiki nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Palipobanwa gharama ndipo panapoungua kwanza, na palipowekwa ulinzi ndipo fundi asiyejua sababu ya ulinzi huo anapoharibu zaidi ya alivyotengeneza.

Mwaka 1921 Albert Hull wa kampuni ya General Electric, Marekani, alieleza taa ambayo elektroni zake hazikuongozwa na gridi ya waya bali na uga wa sumaku. Kampuni yake ilikuwa inatafuta njia ya kuzikwepa hataza za washindani, wala hakuna aliyefikiria chakula. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 Kinjiro Okabe wa Japani aliipasua anodi vipande viwili akapata mawimbi ya urefu wa sentimita chache tu, ila nguvu yake ilikuwa ndogo mno. Nguvu ilikuja Februari 1940, pale John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham walipotoboa mashimo sita kuzunguka tundu la katikati katika kipande cha shaba, kila shimo likifunguka katikati kwa mwanya mwembamba. Kifaa chao cha kwanza, kilichozibwa kwa lakiri na kuunganishwa na pampu ya kuondoa hewa, kilitoa takriban wati 400 kwa wimbi la sentimita 9.8. Waingereza hao wawili hupewa sifa yote, na hiyo si haki kamili: katika Umoja wa Kisovieti, Alekseev na Malyarov walikuwa wameshatengeneza magnetroni ya mashimo manne mnamo 1936 na 1937, lakini matokeo yao yalichapishwa 1940, dunia ikiwa imeshaingia vitani na wasomaji wachache.

Umbo hilo la Birmingham ndilo lililomo jikoni leo. Katikati kuna kathodi, waya mfupi wa tangsteni uliochanganywa na thoriamu, unaopashwa moto kwa umeme wa volti 3.3 tu lakini kwa mkondo wa karibu ampea 10. Kuizunguka kuna anodi ya shaba yenye vyumba, kwa kawaida 10. Juu na chini kuna sumaku mbili za umbo la pete. Kathodi ikipewa volti 4,000 hasi, elektroni huruka kuelekea anodi, sumaku inazipinda, nazo hujikusanya katika mikono inayozunguka mbele ya mianya ya vyumba. Kila mkono unapopita mbele ya mwanya hukichochea chumba chake, na vyumba vyote hutetema pamoja mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Utetemaji huo usingetulia bila pete nyembamba zinazounganisha kuta za vyumba moja kwa kuruka moja, wazo la James Sayers wa Birmingham mwaka 1941. Kabla ya hapo magnetroni ilikuwa na tabia ya kuhama ghafla kutoka namna moja ya kutetema kwenda nyingine. Tabia hiyo haijaisha kabisa: magnetroni iliyozeeka, au inayolishwa umeme mdogo kiasi kwamba kathodi haipati joto lake, huirudia, na mwenye oveni huona chakula kinapata moto leo na kesho hakipati.

Septemba 1940 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na Henry Tizard uliipeleka magnetroni Marekani, ikiwa miongoni mwa siri ambazo Uingereza ilizitoa ili ipate viwanda vya kuzitengeneza. Mojawapo ya kampuni zilizopata kazi hiyo ni Raytheon ya Massachusetts, ambako Percy Spencer aliacha njia ya kuchonga shaba na kuanza kupiga mabati membamba ya umbo linalotakiwa, kuyapanga moja juu ya jingine na kuyaunganisha kwa joto. Uzalishaji ulipanda hadi takriban 2,600 kwa siku. Spencer alizaliwa Howland, Maine, mwaka 1894, akalelewa na jamaa, hakumaliza shule, akajifunzia redio katika jeshi la wanamaji.

Simulizi inayopendwa ni kwamba mwaka 1945 alisimama mbele ya magnetroni inayofanya kazi, akakuta kitu kitamu kimeyeyuka mfukoni. Kisha akajaribu mahindi yakawa bisi, na yai likapasuka. Simulizi hiyo inaacha mengi. Joto la mawimbi ya redio lilikuwa limeshajulikana kwa wahandisi, na kwenye maonyesho ya Chicago ya 1933 kampuni ya Westinghouse ilipika nyama na viazi hadharani kati ya mabamba mawili ya chuma yaliyounganishwa na mtambo wa mawimbi mafupi. Alichofanya Spencer ni kuona kwamba magnetroni, ambayo Raytheon ilikuwa nayo kwa maelfu na vita imekwisha, ingeweza kufanya kazi hiyo ndani ya kisanduku. Aliomba hataza tarehe 8 Oktoba 1945, akaipata Januari 1950.

Oveni ya kwanza ya kuuzwa, Radarange ya Raytheon ya 1947, ilikuwa na urefu wa karibu mita 1.8, uzito wa kilo 340 hivi na bei ya takriban dola 5,000. Magnetroni yake ilipozwa kwa maji, hivyo aliyeinunua alihitaji fundi bomba sawa na alivyohitaji fundi umeme. Iliingia kwenye mikahawa mikubwa na meli, si kwenye nyumba za watu. Mwaka huo huo wa 1947, mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City ulitenga masafa ya gigahezi 2.45 kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, yaani wimbi la sentimita 12.2. Inafaa kusema hapa, kwa kuwa hata vitabu vya shule hukosea, kwamba masafa hayo hayakuchaguliwa kwa sababu ndiyo yanayopendwa na maji. Maji hufyonza mawimbi vizuri zaidi katika masafa ya juu kuliko hayo. Lakini mawimbi yakifyonzwa mno huishia kwenye ngozi ya chakula, na ndani kukabaki baridi.

Maji ya kupoza yaliondolewa kwa mapezi ya bati na feni, na tangu hapo feni imekuwa sehemu ya uhai wa oveni. Magnetroni hugeuza kuwa mawimbi kiasi cha theluthi mbili tu ya umeme inaoupokea; kinachobaki ni joto, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kwenye upepo wa feni. Ndiyo maana juu au kando ya magnetroni kuna kikata-joto, kidude kidogo cha duara kinachokata umeme joto likizidi. Oveni inayofanya kazi dakika kadhaa kisha kuzima, na kuwaka tena baada ya kupoa, kwa kawaida haina ugonjwa wa umeme mkubwa. Feni yake imejaa mafuta na vumbi, au mota yake inazunguka kwa uvivu, au oveni imesukumwa ukutani hadi matundu ya hewa yamezibwa.

Mwaka 1955 kampuni ya Tappan ilitoa oveni ya nyumbani kwa dola 1,295, bei ambayo wakati huo wachache waliimudu. Kilichobadilisha hali ni mpango wa umeme. Mitambo ya awali ilitumia saketi nzito kuunda umeme mkubwa wa moja kwa moja. Katika miaka ya 1960 dayodi za silikoni zilikuwa zimeshuka bei, na wahandisi wakatulia kwenye saketi ya watu watatu: transfoma moja, kapasita moja, dayodi moja. Transfoma hupandisha umeme wa soketi hadi karibu volti 2,000. Katika nusu ya kwanza ya kila mzunguko wa umeme, dayodi hupitisha mkondo na kapasita hujaa. Katika nusu ya pili dayodi hufunga, umeme wa transfoma hujumlishwa na ule uliohifadhiwa ndani ya kapasita, na jumla yake ya takriban volti 4,000 huangukia kwenye magnetroni. Kwa hiyo magnetroni hupumzika nusu ya muda wote. Kwenye umeme wa hezi 50 huwaka na kuzima mara 50 kwa sekunde, na chakula hakijali. Transfoma yenyewe hujengwa kwa makusudi na vipande vya chuma vinavyovujisha sumaku katikati ya koili zake, ili mkondo usizidi mpaka na ili umeme ukishuka kidogo nguvu ya oveni isishuke kwa kiasi hicho hicho. Ni uhandisi wa kibahili, na ni uhandisi mzuri sana.

Ubahili huo ndio ulioipa dunia oveni ya juu ya meza. Raytheon ilikuwa imeinunua kampuni ya Amana mwaka 1965, na mwaka 1967 Amana ikatoa Radarange ya dola 495 iliyochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya Marekani. Nchini Japani, Sharp ilikuwa imeanza kuzalisha oveni kwa wingi mwaka 1962, na mwaka 1966 ikaongeza sahani inayozunguka, ambayo ilitatua tatizo la mawimbi kurundikana mahali fulani na kuacha mahali pengine baridi. Sahani isipozunguka, sababu huwa ni mota yake ndogo ya wati chache chini ya sakafu ya oveni, au pete ya magurudumu iliyokwama kwa uchafu. Hiyo ndiyo hitilafu nyepesi kuliko zote.

Saketi ya watu watatu ina vifo vyake, na kila kimoja kina sauti yake. Dayodi ikipiga shoti, oveni hunguruma kwa sauti nzito, taa yake pengine hufifia, na chakula hakipati moto. Kapasita ikipiga shoti hunguruma vilevile au huchoma fyuzi. Dayodi ikikatika badala ya kupiga shoti, ngurumo hakuna na joto hakuna. Mafundi wengi huikosea dayodi hii wanapoipima, kwa sababu ndani yake kuna dayodi nyingi ndogo zilizopangwa mfululizo, na malitimita ya kawaida haina volti za kutosha kuzifungua. Husoma kwamba imekatika upande huu na upande ule, na dayodi nzima inatupwa. Kipimo sahihi hutumia betri ya volti 9 iliyounganishwa mfululizo na malitimita na dayodi: upande mmoja volti zipite, upande wa pili zisipite kabisa.

Transfoma huharibika mara chache zaidi. Koili ya umeme mkubwa husoma kiasi cha omu 60 hadi 150 kati ya ncha yake na bodi, yaani bati la oveni, ile ya filamenti, yaani ya kupasha kathodi moto, husoma karibu sifuri, na harufu ya vanishi iliyoungua husikika kabla ya kipimo chochote. Magnetroni yenyewe husoma chini ya omu moja kati ya ncha zake mbili, na kati ya ncha yoyote na bodi kusiwe na usomaji kabisa. Ikionyesha mkondo kwenda bodi, imekufa. Lakini ikisoma vizuri haijathibitika kuwa nzima, kwa kuwa inaweza kupiga cheche ndani pale tu inapopewa volti 4,000. Ndiyo maana magnetroni huhukumiwa ya mwisho, baada ya wengine kuachiliwa. Kabla ya kuihukumu, vitazamwe vishikizo vya waya wa filamenti. Ampea 10 zinazopita kwenye kishikizo kilicholegea hukipasha moto, kinabadilika rangi, kinazidi kulegea, na magnetroni nzima huonekana imekufa kwa kosa la kipande cha bati cha bei ya chini kabisa.

Kapasita ndiyo inayoua watu. Huhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, na ingawa ndani yake huwekwa kizuizi cha omu milioni 10 cha kuumaliza polepole, kizuizi hicho hukatika bila kutoa dalili. Televisheni za zamani za kioo kinene zilikuwa na volti zaidi ya 20,000, lakini kwa mkondo mdogo. Oveni ina volti chache zaidi na mkondo mkubwa wa kutosha kusimamisha moyo. Kwa sababu hiyo sehemu ya umeme mkubwa haipimwi oveni ikiwa inawaka. Plagi huchomolewa, kapasita humalizwa chaji kwa kizuizi au kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki mzima, ncha kwa ncha na ncha kwa bodi, kisha waya hutolewa na kila sehemu hupimwa peke yake.

Mlango una historia ya aina nyingine. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vyombo vya umeme, baada ya wasiwasi ulioanzia kwenye televisheni za rangi, na oveni zilizotengenezwa kuanzia Oktoba 1971 zililazimika kutimiza kipimo kipya: uvujaji usizidi miliwati 1 kwa sentimita ya mraba oveni ikiwa mpya, wala miliwati 5 katika maisha yake yote, ukipimwa umbali wa sentimita 5. Ukingo wa mlango ukapewa mfereji wenye kina cha robo ya wimbi, yaani kama sentimita 3, unaorudisha mawimbi ndani hata mlango usipogusana barabara na fremu. Wavu wa kwenye kioo una matundu madogo mno kwa wimbi la sentimita 12. Na nyuma ya kulabu za mlango zikawekwa swichi zaidi ya moja, zisizotegemeana.

Kati ya swichi hizo, moja hufanya kazi ya ajabu. Mlango ukifunguliwa na swichi kuu ikagoma kukata umeme kwa sababu vidole vyake vimeshikamana kwa moto, swichi hii ya ulinzi hupiga shoti kwa makusudi na kuiunguza fyuzi. Oveni inayokata fyuzi kila mlango unapofunguliwa au kufungwa, basi, haina tatizo la fyuzi. Inasema kwamba swichi kuu imeganda, au kulabu imevunjika na swichi zinafuatana kwa mpangilio usio wake. Fundi anayeweka waya mahali pa fyuzi ya ampea 8 au 10 ameondoa kwa mkono mmoja kile ambacho sheria ile ilikipigania, na amemwachia mwenye nyumba oveni inayoweza kuwaka mlango ukiwa wazi. Swichi hizi ni za bei ndogo na hubadilishwa zote pamoja, hata iliyoharibika ikiwa moja.

Vyumba vya oveni vya leo vina kipande cha mika, kama karatasi ngumu ya rangi ya fedha, kinachofunika tundu la kuingilia mawimbi. Wengi hudhani ni pambo, au hukiondoa kwa kuwa kimechafuka. Mafuta yakirukia hapo yanaungua, yanakuwa kaboni, kaboni inapitisha umeme, na cheche huanza. Cheche hizo hutisha kuliko zinavyostahili. Mika mpya iliyokatwa kwa mkasi humaliza tatizo, mradi rangi ya ukuta wa nyuma haijachunika hadi kwenye bati.

Zilipofika Afrika Mashariki, oveni hizi zilikutana na umeme wa volti 230 hadi 240 na hezi 50, unaokatika na kurudi kwa kishindo. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, Ghuba au soko la hapa huvumilia. Zinazoletwa kutoka Marekani na jamaa waliokaa huko ndizo zenye msiba, kwa sababu mwenyewe hununua transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120 na kudhani amemaliza. Masafa ya umeme hayajashuka wala kupanda: transfoma ya ndani ilipigiwa hesabu ya hezi 60, na kwenye hezi 50 chuma chake hujaa sumaku kupita kiasi na huchemka. Saa ya oveni inayohesabu mizunguko ya umeme nayo hubaki nyuma dakika 10 kwa kila saa, jambo ambalo huwa ni dalili ya kwanza. Adui mwingine wa eneo hili ni mende, wanaofuata joto la bodi ya vitufe na kuacha uchafu unaopiga shoti kati ya njia za umeme. Oveni inayojiwasha yenyewe au kukataa vitufe fulani ifunguliwe hapo kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Matsushita ya Japani ilianza kuuza oveni za inveta, ambazo badala ya transfoma nzito zina bodi inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kuupandisha kwa transfoma ndogo. Oveni hizo ni nyepesi na hupunguza nguvu kweli, wakati zile za zamani huwaka kwa nguvu yote na kuzima kwa zamu hata zikiwekwa kwenye nusu. Hitilafu zao hukaa karibu zote kwenye bodi moja, ambayo mafundi wengi huibadilisha nzima. Bei ikashuka tena pale kampuni ya Galanz ya Shunde, kusini mwa China, iliyokuwa ikifanya biashara ya manyoya ya bata, ilipoingia kwenye maikrowevu mwaka 1992. Kabla ya muongo huo kwisha ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

Nguvu ya oveni yoyote, mpya au iliyotoka kwa fundi, hupimwa kwa lita moja ya maji baridi na kipimajoto. Maji hupashwa dakika moja kwa nguvu ya juu, yanakorogwa, na nyuzi za sentigredi zilizoongezeka huzidishwa kwa 70. Nyuzi 10 ni wati 700. Oveni iliyoandikwa wati 800 ikatoa 450 kwenye umeme mzuri, magnetroni yake imechoka. Kwa bei za leo, fyuzi, swichi, dayodi, kapasita, mika na mota ya sahani vinastahili kubadilishwa siku zote. Magnetroni inastahili kwenye oveni kubwa au ya mkahawa, na kwenye oveni ndogo ya nyumbani gharama yake pamoja na ya fundi mara nyingi huikaribia bei ya oveni mpya.